Salamu Iliyomshinda Kaka

Kwanza niseme habari ya chumvi. Haihusiani na vita, lakini nikianza na vita moja kwa moja kichwa huniuma, basi nivumilieni.

Nilikuwa mtoto ambaye bado hajaanza kuvaa suruali. Siku zile watu walitembea kwa miguu kutoka Uvinza na chumvi kichwani, imefungwa kwa majani makavu ya migomba, mzigo mrefu kama mtoto aliyeviringishwa kwenye nguo. Walipita kwetu huku juu Kasulu, wengine wakaendelea mpaka Kibondo, wengine wakavuka Manyovu kuingia Burundi. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha ile ya polepole isiyokoma. Wakaja ndugu wawili, mkubwa mbele na mdogo nyuma, wakakutana na babu yangu njiani.

Sasa mtu wa kwetu, Mha, akikutana na mtu mzima hampiti tu kama mbuzi apitavyo mti. Anatua alichobeba. Chochote kile, hata kama ni jembe, anakiweka chini. Anachuchumaa kidogo, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa ili visitoe sauti ya ukali. Anasema Mwakeye kama ni asubuhi, Mwidiwe kama jua limegeuka. Halafu anauliza wa nyumbani, ng'ombe, maharage, aliyekuwa mgonjwa, na kama aliyekuwa mgonjwa amekufa anauliza msiba ulikwendaje, na kila jibu lina makofi yake. Siku hizi vijana wanasema "mambo" na kupita zao. Siwalaumu, wana haraka, ingawa sijui wanakwenda wapi.

Yule mkubwa akatua chumvi yake pale pale aliposimama, na pale aliposimama palikuwa mfereji wa maji ya mvua. Babu naye hakuwa mtu wa salamu fupi. Mdogo mtu aliona maji yanaingia kwenye mzigo, lakini mdogo hakatizi salamu za wakubwa, akanyamaza na kupiga makofi. Walipomaliza, yule mkubwa akainua mzigo akakuta majani matupu. Alichukua fimbo yake ya kutembelea akampiga mdogo wake mdomoni, akampiga tena alipoanguka, akaendelea kumpiga mpaka fimbo ikavunjika, babu akiangalia tu, maana ugomvi wa ndugu haukuwa wake. Mimi nikaona kitu cheupe njiani nikadhani ni punje ya chumvi iliyosalia. Nilikaribia kuilamba. Lilikuwa jino.

Halafu wakaagana, na kuagana nako kuna makofi. Yule mdogo alipiga makofi akimuaga babu huku damu inamdondokea kwenye viganja, na kila kofi likirusha matone. Hiyo ndiyo picha ya kwanza kabisa niliyo nayo kichwani. Kabla ya hapo sikumbuki kitu.

Babu yangu huyo hakuwa na vidole vya mguu wa kushoto. Viliozea safarini wakati wa vita ya Wajerumani, Wabelgiji walipokuja wakakamata wanaume wa vilima hivi wawabebee masanduku ya risasi kwenda Tabora. Aliyeanguka na mzigo alipigwa, na asiyeinuka aliachwa kwa fisi. Babu alisema walivuka Malagarasi wengi, wakarudi wachache, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa Mjerumani na Mbelgiji wamekosana nini. Ikaja ya pili. Ile ilimchukua baba yangu, wakamvisha bukta ya kaki, wakampeleka Burma kwa meli kupigana na Mjapani, mtu ambaye hajawahi kumwona wala kumkosea. Vita kubwa zote za dunia zimepita nyumbani kwetu, na hakuna hata moja iliyoanzia kwetu.

Baba aliporudi kutoka Burma, babu alimngojea kwenye mwanya wa ua. Akamzuia kwa mkono. Akamwambia weka chini. Baba akaweka kisanduku. Babu akasema bado. Akavua kofia, akaweka. Bado. Akavua viatu, mkanda, akatoa kisu kilichokuwa ndani ya soksi, akabaki na kaptula tu, ndipo babu akaanza kupiga makofi, wakasalimiana mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Baba alipenda sana kuisimulia. Alikuwa akisema vita yake aliiacha pale mlangoni, mbwa wakainusa wakaenda zao. Mama naye, baba akiwa hayupo, alitucheka tulivyomwamini. Alisema mwaka ule aliporudi alikuwa akilala mgongo ukutani, na siku moja mbuzi alikohoa nyuma yake akamkaba mpaka akafa, wakala nyama wasiyoikusudia.

Basi, sasa naweza kuingia kwenye vita yenyewe.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara ya kwenda Kibondo. Baba hakupenda mistari. Alipanda minyaa kuzunguka nyumba yake, akaacha mwanya mmoja wa kupita, ili apate ua kama wa zamani. Redio ya ofisi ya kijiji ikatangaza kwamba yule mtawala wa Uganda, tuliyeambiwa tumwite nduli, ameingia Kagera na kuchinja watu. Wengi wetu tulikuwa hatujui Kagera iko upande gani. Lakini vita haihitaji uijue njia, yenyewe inaijua ya kwako. Lori la mfanyabiashara mmoja Kasulu mjini, Mwislamu aliyetoka pwani, lilichukuliwa na magunia ya mahindi yakiwa bado juu, na yeye akasimama barazani akalitazama likiondoka, akasema kile wanachosema Waislamu mtu akifa. Sabuni ikaisha dukani, tukafulia majani ya mpapai. Mafuta ya taa yakaisha. Kila kaya ikatoa chakula kwa ajili ya jeshi, na mwenye ng'ombe akatoa ng'ombe. Baba alitoa fahali wake bila kusitasita, akamsindikiza mpaka barabarani akimpapasa shingo. Alisema jeshi lenye njaa ni baya kuliko adui. Alikuwa anajua anachosema.

Ndipo wakaja kuchukua vijana wa mgambo.

Kaka yangu alikuwa mkubwa wetu, mwenye mke na mtoto anayetambaa, mtu mpole, mpole mpaka anakera. Kama yule mdogo wa chumvi, naye asingekatiza salamu hata nyumba ikiungua. Wakawakusanya kiwanjani, wakawapa bunduki za mbao walizochonga wenyewe, na akaletwa afande kutoka mikoa ya mbali awafundishe. Somo la kwanza lilikuwa kwamba silaha haiwekwi chini.

"Hata mama yako akifufuka," afande aliwaambia, "unamsalimia na bunduki iko mkononi."

Wakaitika ndiyo afande. Wakati ule ule mzee mmoja akapita kando ya kiwanja na mundu wake, anakwenda kwenye migomba. Mstari mzima ukatua bunduki, ukachuchumaa, ukapiga makofi. Mwakeye. Mzee akatua mundu, akajibu, akaanza kuuliza habari za nyumba moja moja, maana alikuwa anawajua wote.

Afande alisimama mdomo wazi. Sidhani kama jeshini waliwahi kumweleza kitu cha namna hiyo.

"Mnapenda makofi?" akawauliza. "Nitawapa makofi."

Akapita kwenye mstari akiwazaba makofi, wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi wa mwisho mpaka wa kwanza. Masikio yakavuja damu. Tulikuwa wengi tunaangalia pembeni, wengine wakacheka. Mimi sikuchukuliwa kwa sababu nina kifundo kibovu cha mguu, lakini nilikwenda kila siku kuangalia, maana hakukuwa na sinema nyingine.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Wengine walijifunza mapema. Kaka alichelewa. Mtu mzima akipita, mikono yake ilikuwa inafunguka yenyewe na bunduki inaanguka. Afande akaacha makofi akaanza mateke, na fimbo kwenye nyayo. Kaka akawa anarudi nyumbani anatembelea visigino.

Siku moja baba akapita. Watu walisema alipita makusudi, kumwonyesha afande nani mwenye mtoto. Labda. Alikuwa mkorofi wa namna hiyo. Akasimama mbele ya mstari, hana kitu mkononi, akangoja. Afande akasimama nyuma ya kaka, fimbo juu. Nikaona vidole vya kaka vinalegea kwenye ile mbao. Afande akampiga mgongoni. Vidole vikakaza. Vikalegea tena, akapigwa tena, sauti yake ilikuwa kama mtu anayepiga maharage makavu ili yapukuchike. Baba hakuondoka. Kaka alimtazama baba usoni, machozi na kamasi vinamtiririka, akabaki amesimama wima, bunduki kifuani, na hakumsalimia.

Baba akageuka akarudi nyumbani. Jioni akamwambia mama kwamba mtoto amefunzwa, na hakula.

Wakaondoka kwa malori. Wake zao wakakimbia nyuma mpaka vumbi likawashinda.

Sasa nisiseme kwamba vita ilikuwa kule tu. Huku nako iliota. Uvumi ulisema wapelelezi wa nduli wanapita Burundi na kuingilia Manyovu. Tukaweka kizuizi barabarani, gogo moja na wazee wenye marungu, baba akiwa mkubwa wao kwa sababu ya Burma. Tutamjuaje mpelelezi? Lugha haikusaidia, maana Kiha na Kirundi vinafanana, na Warundi waliokimbia mauaji ya kwao wako kila mahali, tumeoana nao. Wazee wakaamua salamu ndiyo itakayosema. Mtu wa kwetu atatua alichoshika na kupiga makofi. Asiyetua si wetu.

Akaja mtu na baiskeli, amepakia matairi ya zamani ya kukatia kandambili. Wazee wakamsalimia. Akajibu Mwidiwe vizuri kabisa, lakini hakuachia baiskeli. Wakarudia. Akajibu, mikono kwenye usukani. Basi wakampiga. Walimpiga rungu la kwanza kichwani na baiskeli ikamwangukia, wakaendelea kumpiga kupitia katikati ya spoki, jicho moja likatoka. Alipokuwa hawezi tena kusema ndipo mtu mmoja akaiinua baiskeli aisimamishe kando, ikaanguka. Akaisimamisha tena, ikaanguka. Haikuwa na stendi. Alikuwa mtu wa Kibondo, ana watoto, na angeiachiaje baiskeli iliyopakia vile? Hakufa. Ila kila siku ya gulio kwa miaka mingi tulimwona anapita na jicho moja, na baiskeli yake sasa ina stendi.

Kizuizi hakikuondolewa. Kiliongezewa gogo la pili.

Kaka alirudi vita ilipokwisha. Wenzake walirudi na redio, na saa, mmoja alibeba kiti cha kuzunguka cha ofisi toka Kampala, sijui alikifikishaje. Kaka alirudi na sepetu. Ile fupi ya jeshi, ya kuchimbia handaki, mpini umekatwa mfupi, bapa lake limenolewa pande mbili. Bunduki alikabidhi. Sepetu hakuna aliyemwomba, au aliyemwomba hakuipata.

Alikuja mchana, watu wamekaa nje. Shemeji yangu, mkewe, akapiga vigelegele, mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anakimbia, akamkimbilia halafu akaogopa akarudi. Baba akaenda akasimama kwenye mwanya wa minyaa, kama babu alivyofanya. Akamwambia weka chini.

Kaka akaweka mkoba. Akaweka blanketi. Akavua viatu. Sepetu akabaki nayo.

"Na hiyo," baba akasema.

"Hii hapana, Data." Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha.

"Basi hujafika," baba akasema. "Ukifika utanisalimia."

Akabaki pale mwanyani. Kaka naye akabaki upande wa barabara. Jua likawapiga wote wawili. Mwishowe kaka akaokota vitu vyake akaenda kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku nyuma ya migomba, akalala huko.

Ndivyo ilivyokuwa, na baba akalitangaza mbele ya wazee ili asije akageuka: ambaye hajasalimia hajarudi, na ambaye hajarudi hana mke nyumbani wala shamba. Akampa muda mpaka mvua za kupanda. Zikinyesha kabla kaka hajasalimia, shemeji atarudishwa kwao na mtoto abaki, na shamba la kahawa la kaka nitalima mimi. Watu walisema nalitaka. Shamba zuri kila mtu analitaka, lakini niliogopa zaidi kulipata, maana mwenyewe angekuwa umbali wa kurusha jiwe, na sepetu.

Shemeji alimpelekea chakula kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Alirudi siku moja na mdomo umepasuka. Alisema alimgusa akiwa amesinzia. Siku nyingine wanaume walikuwa wanakunywa pombe ya ndizi, kaka akaja akakaa mgongo kwenye ukuta, sepetu magotini. Jirani mmoja mcheshi, mtu wa utani sana, akamjia kwa nyuma ya kona akachuchumaa akaanza kumpigia makofi karibu na sikio.

"Mwidiwe, afande," akamwambia. "Habari za nduli?"

Wengine wakaanza kucheka. Kicheko hakikumalizika. Sepetu ilimkata jirani kutoka kwenye pembe ya mdomo mpaka kwenye sikio, meno yakaonekana kwa pembeni, na kaka alikuwa ameinua kwa mara ya pili tulipomrukia watano. Alinivunja kidole hiki. Hakijanyooka mpaka leo, nikishika kalamu kinaelekea upande wake.

Jirani alishonwa Kasulu. Wazee wakasema mtu huyu ama asalimie ama afungwe kamba, na hapo ndipo nilipokwenda kule kibandani kumuuliza. Nilipiga kelele nikiwa mbali ili asishtuke, nikakaa mbali naye. Nilimuuliza ni chuma gani hiki kinachomshinda kuweka chini.

Alinisimulia bila kuniangalia. Ilikuwa ng'ambo, wamepita Masaka, siku moja baada ya wao kupigwa na Walibya. Hata Walibya walikuja kwenye vita ile, watu wa jangwani kabisa, wakafia kwenye migomba ya watu, yeye mwenyewe aliwaona wametapakaa barabarani na viatu vipya. Na zile roketi zetu zilizokuwa zinalia kabla ya kuanguka zilitengenezwa na Warusi. Alisema ukisimama pale ungedhani dunia nzima imekuja kugombania migomba. Wakaingia kwenye uwanja wa nyumba moja. Akatoka bibi kizee. Kule wanawake wakisalimia hupiga magoti, na yule bibi akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake akamwamkia.

"Nikaweka bunduki chini," kaka akasema. "Nikachuchumaa. Nikampigia makofi."

Maafande wote wa dunia na fimbo zao, na mtu akaweka bunduki chini. Risasi zikatoka nyuma ya nyumba. Aliyekuwa pembeni yake, rafiki yake waliyekuwa wakilala blanketi moja tangu Kagera, akapigwa shingoni, akamwangukia, damu ikampofua macho. Akapapasa bunduki kwenye majani asiione. Akachomoa sepetu iliyokuwa mgongoni, akapiga. Alisema alipiga kilichokuwa mbele, akapiga kilichofuata, akapiga mpaka wenzake walipomshika wakamwambia imekwisha, na nyumba ilikuwa inawaka.

Nikamuuliza, na yule bibi?

"Alikuwa mbele," akasema.

Nilirudi nikamweleza baba. Nilimweleza ya salamu na ya rafiki, kifo cha bibi nilimficha. Baba alisikiliza akichokoa matope kwenye jembe. Akauliza kama ni kweli aliweka bunduki chini. Nikasema ndivyo asemavyo. Akauliza kama yule bibi alikuwa mzee kweli. Nikasema mzee. Akasema kumbe siku ile kiwanjani hawakumfunza. Nilimwona anafuta uso, na sikujua kama amefurahi au vipi. Nilidhani ataiacha ile amri. Hakuiacha. Alisema yeye naye aliua watu Burma, na wengine hawakuwa askari, na kama babu asingemsimamisha pale mlangoni na kumvua kila kitu, angetuua sote. Akasema salamu ndiyo dawa pekee aliyo nayo, hana nyingine, hata kama ndiyo iliyomuua mtu. Akaniambia niende nimwite kaka kesho kabla mawingu hayajakusanyika, maana upepo ulikuwa umeshaanza kunukia mvua.

Kaka alikuja. Alikuwa amenyoa, amevaa shati aliloletewa na shemeji. Watu walikaa nje ya minyaa, hakuna aliyetania. Baba alikaa chini kabisa, si kwenye kigoda, mikono mitupu juu ya magoti. Kaka akaingia mpaka kwenye mwanya. Akachuchumaa. Sepetu ikabaki mkononi. Jasho likamtoka mpaka shati likagandana naye. Akaishusha nusu, akaipandisha. Baba hakusogea, na mimi nikasikia shemeji nyuma yangu ananong'ona, weka, weka, kama anayemhimiza ng'ombe kuingia zizini.

Akaiweka. Niliiona ikigusa udongo na mkono wake ukiachia, kidole kimoja kimoja.

Akapiga makofi. Mwakeye, Data. Baba akaitikia kwa sauti iliyokatika. Akamuuliza habari za huko alikotoka, kaka akajibu. Akamuuliza njia, akajibu. Akamuuliza kama walikula, akajibu kwamba siku nyingine walikula na siku nyingine hawakula. Akamuuliza wenzake wote wazima, na kaka akapiga makofi akasema mmoja hapana, na baba akapiga makofi ya msiba. Wanawake nje wakaanza kulia kwa raha. Hata mzee mmoja aliyekuwa na rungu kwenye kizuizi alikuwa anajipangusa pua. Ilikuwa salamu ndefu kama za babu, na kila neno uso wa kaka ulikuwa unarudi, ule uso wake wa upole, nikauona, naapa niliuona.

Na baba kwa furaha, akiwa bado anauliza habari, akanyoosha mkono akaichukua ile sepetu ili anipe mimi nikaiweke ndani.

Sikuona kaka akiruka. Niliona baba yuko chini na mkono wake umegeukia pasipogeukiwa, mfupa umetoka juu ya kiwiko, na kaka amemkalia kifuani anampiga kichwani kwa ubapa wa sepetu. Mara nyingi. Udongo ukawa mwekundu. Mama alimrukia mgongoni akatupwa kwenye minyaa. Tulipomtoa, watu wengi, sepetu ikamdondoka. Alikuwa anahema kama fahali, na alikuwa anasema maneno ya kule, amri za kijeshi, na jina la mtu tusiyemjua.

Wale wenye marungu wakaingia uani. Mmoja alishainua. Baba, ambaye tulidhani amekufa, akainua mkono wake mzima kutoka pale chini.

"Mwacheni," akasema. Damu ilikuwa inamwingia mdomoni, akatema. "Amesalimia. Huyu amefika. Ni wa hapa."

Marungu yakashuka. Mzee alikuwa ametamka mbele ya watu, na lililotamkwa halirudi: mke ni wake, shamba ni lake, nyumba ni yake. Shemeji akamkimbilia, akampigia magoti miguuni, akamwambia baba wa mtoto, umesikia, ingia ndani, nikupe maji unawe.

Kaka alimtazama baba pale chini, akamtazama mkewe aliyepiga magoti kwenye vumbi kama yule bibi wa ng'ambo, akamtazama muda mrefu sana. Halafu akarudi nyuma hatua moja, ya pili, kama mtu anayemkwepa nyoka. Akainama akaokota sepetu yake. Akapita kwenye mwanya wa minyaa, watu wakampisha, akatoka barabarani, akashika njia ya Kibondo, haendi haraka wala polepole. Shemeji alimwita. Mtoto naye akaita kwa kumwigiza mama yake. Hakugeuka, na hakurudi tena.